Uzi: Sachen wa Taiwan, kampuni ndogo iliyotengeneza gemu bila leseni. Tusiwaweke wote gunia moja

Kaseti ya Njano

Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa namwonyesha mwanangu gemu za enzi zetu kwenye simu, tukaangukia moja ya msichana mwenye kofia nyekundu anayepita msituni akipiga miti mateke ili matunda yadondoke. Inaitwa Little Red Hood, ya mwaka 1989. Nisiwadanganye, ni gemu mbovu. Muziki wake unajirudia kama ule wa baiskeli ya aiskrimu. Dogo alinirudishia simu dakika ya nne. Mimi ndiye niliyebaki nayo hadi saa saba usiku, maana nilitaka kujua ni nani aliyekaa chini akaitunga.

Jibu ni Sachen. Kampuni ndogo ya Taiwan, kwenye makaratasi ikiitwa Thin Chen Enterprise, na gemu nyingine ikizitoa kwa jina la Joy Van. Haikuwahi kuwa na leseni ya Nintendo, kampuni ya Japani yenye mashine za kuchezea gemu hizo, hata siku moja, na bado ilitoa gemu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 80 hadi zama za Game Boy Color, ile mashine ya mkononi.

Nimefungua uzi huu kwa sababu sisi tuliolelewa na TV gemu za Kariakoo tuna neno moja tu kwa watu wote wa namna hii: feki. Aliyenakili kaseti ya Contra akabandika karatasi mpya ni feki. Aliyeandika gemu yake mwenyewe mstari kwa mstari bila kuomba ruhusa Japani, naye feki. Kwangu hao ni watu wawili. Wa kwanza ni mwizi wa kuku. Wa pili ni mama anayeuza maandazi mbele ya hoteli ya mtu: maandazi ni yake, kibali ndicho hana.

Nakuja na mwendelezo, nipo kazini.

Msukuma Mkokoteni

Siti ya mbele kabisa. Tiririka mkuu.

Chumvi Nyingi

Saa saba usiku unatafuta aliyetunga gemu ya kupiga miti mateke? Shemeji yetu ana moyo.

Mkata Ngebe

Uzi mzuri ila umeanza na utetezi. Wezi ni wezi tu. Naweka kambi hapa nione utakavyojinasua.

Kaseti ya Njano

Haya, nimetoka kazini. Tuanze na mashine yenyewe, bila hiyo hamtaelewa hawa jamaa walipenyea wapi.

Nintendo walitoa Famicom Japani Julai 1983, kwa yen 14,800. Ubongo wake ni chipu ya ukoo unaoitwa 6502, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2. Mbili! Picha ya "asubuhi njema" anayoituma shangazi kwenye grupu la ukoo inaizidi mara hamsini na zaidi.

Sasa jambo la msingi: Famicom haikuwa na kufuli. Ukitengeneza kaseti yenye meno 60 yaliyokaa mahali pake, mashine inasoma, haiulizi wewe ni nani. Kufuli walikuja kulitia walipoipeleka Marekani mwaka 1985 kwa jina la NES. Humo waliweka chipu inayoitwa 10NES, moja ndani ya mashine na nyingine ndani ya kila kaseti. Ukiwasha, hizo mbili zinaanza kupeana maneno ya siri. Zikikosana tu, mashine inajizima na kujiwasha, inajizima na kujiwasha, na hakuna unachocheza. Kuipata chipu hiyo kihalali lazima uwe na leseni, na leseni ya Nintendo ilikuwa na masharti ya mganga: kaseti zako wanakutengenezea wao, na gemu zisizidi 5 kwa mwaka.

Sasa njoo Taiwan. Kule mafundi walikuwepo tayari. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku mashine za gemu za mitaani, na warsha zilizokuwa zikiziunda zikakosa kazi. Nyingi zikageukia kunakili kompyuta ya Apple II. Na ubongo wa Apple II ni upi? 6502 huyohuyo. Kwa hiyo Famicom ilipoingia, Taipei ilikuwa na vijana waliokwisha kuizoea lugha yake miaka kadhaa. Mtu anashangaa walijifunzia wapi. Walijifunzia kwenye kopi.

FundiRedio

Hapo kwenye chipu niongeze, maana nimefungua hizi mashine tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Zile kopi za Famicom za mwanzo, hizo TV gemu zetu, ukifungua unakuta chipu mbili ndefu zimeandikwa UA6527 na UA6538. Ya kwanza ni ubongo, ya pili ndiyo inayochora picha. Hizo ni za UMC, kampuni ya chipu ya Hsinchu, Taiwan. Ndizo zilizokaa kwenye Micro Genius, na kwenye Dendy waliyochezea Warusi kuanzia 1992. Baadaye wakavibana vyote ndani ya chipu moja, na ya bei rahisi wakaimwagia kile kitone cheusi kama lami. Ukikutana na kitone, hakuna cha kubadilisha. Kikifa kimekufa. Wateja walikuwa hawanielewi, wananiambia "fundi si uweke kingine".

Kaseti ya Njano

@FundiRedio umenisaidia sana, na hapo ndipo Sachen wanapata soko. Mashine za UMC zimejaa dunia nzima, hazina kufuli, na wenye mashine wanataka kaseti.

Ila kuna kigingi kingine. Famicom inaona kilobaiti 32 tu za programu kwa wakati mmoja. Ukitaka gemu kubwa lazima ndani ya kaseti uweke chipu ya kufunua kurasa: mashine inasoma ukurasa huu, chipu inafunua mwingine, mashine haijui kama kitabu ni kinene. Nintendo walikuwa na zao, MMC3 ndiyo iliyobeba Super Mario Bros. 3. Wasio na leseni hawauziwi. Wengi walinakili za Nintendo. Sachen wakachora ya kwao. Wapenzi wa emuleta, yaani programu ya kuchezea gemu za mashine za zamani kwenye simu au kompyuta, wanaijua kwa namba yake, 8259, na hadi leo anayeandika emuleta inabidi aandike kipande cha pekee kwa ajili ya kaseti za hawa watu, vinginevyo hazifunguki.

Hapo ndipo heshima yangu kwao ilipoanzia. Gemu mbovu, sawa. Lakini kampuni ndogo hivyo inachora chipu yake!

Bint Makadara

Salaam aleikum jamaa wa Bara. Mimi ni wa Mombasa, hapa kwetu twaziita kanda. Nauliza, hao Sachen walikuwa na kanda za Game Boy pia? Nina moja ya marehemu ammi yangu, alirudi nayo toka Maskati alikokuwa akifanya kazi. Imeandikwa 4 in 1, na ile karatasi imechanika, jina sioni.

Kaseti ya Njano

@Bint Makadara waalaikum salaam dada. Mungu amrehemu ammi. Walikuwa nazo, tena 4 in 1 ndiyo ilikuwa staili yao, na nyingine wakazijaza hadi 31. Usiitupe hiyo kaseti. Nina hadithi yake, nikifika huko nitakuita.

Kwanza Marekani. Sachen walikuwa Taiwan na hawakuwa na duka kule, basi gemu zao zikapitia kwa Color Dreams, kampuni ya California iliyogundua kwamba ile chipu ya kufuli ukiipiga kwa mshtuko mdogo wa umeme wakati wa kuwashwa inapigwa butwaa, haikatai tena. Master Chu and the Drunkard Hu ya Sachen ilitoka kwa njia hiyo mwaka 1989. Silent Assault nayo 1990. Pyramid, ile ya kupanga vipande kama Tetris ila vina pembe za mshazari, ikapitia kwa American Video Entertainment.

Halafu hii mtacheka. Color Dreams wenyewe walikuwa na gemu mbovu, lakini nyingine za Taiwan zikawatia aibu hata wao, wakaanzisha lebo ya pembeni, Bunch Games, ili jina lao lisichafuke. Galactic Crusader, Mission Cobra na Tagin' Dragon, zote za Sachen, zikatupwa huko. Yaani unawekwa kwenye kapu la mitumba na muuza mitumba! Ingawa Tagin' Dragon mimi nimeipenda: majoka yanafukuzana kuumana mikia.

(Hao Color Dreams baadaye maduka yalipoogopa kuwauzia kwa sababu ya Nintendo, wakaanza gemu za Biblia kwa jina la Wisdom Tree na kuzipeleka kwenye maduka ya vitabu vya Kikristo, ambako Nintendo hakuwa na sauti. Huo ni uzi mwingine.)

Australia nako kulikuwa na kampuni ya HES. Hao walitoa Little Red Hood kwenye kaseti yenye nafasi mgongoni ya kuchomeka kaseti nyingine halali ya Nintendo. Chipu ya ile halali inajibu maneno ya siri, gemu inayochezwa ni ya Sachen.

Msukuma Mkokoteni

Kama kuingia ukumbini na kadi ya mwaliko ya jirani, jirani mwenyewe umembeba mgongoni 😂😂

Mkata Ngebe

Mkuu nimekusubiri kwa adabu. Sasa nijibu. Hao wenzako wa Taiwan ndio waliotoa Somari, Mario wa Nintendo kavishwa gemu ya Sonic wa Sega. Ndio waliotoa Kart Fighter, Mario na wenzake wanapigana ngumi. Na hao Sachen wako walitoa gemu ya Game Boy Color wakaiita Rocman X, jina limechukuliwa kwa Capcom, wenye gemu ya Rockman X, mchana kweupe. Maandazi gani ya kwao hapo? Unga wa jirani, mafuta ya jirani.

Kaseti ya Njano

@Mkata Ngebe Rocman X nakupa. Sina utetezi. Ukiicheza hata haifanani na hiyo waliyoiba jina, kwa hiyo wamemdanganya Capcom na mnunuzi kwa pamoja. Jurassic Boy 2 nayo ni Sonic aliyevaa ngozi ya mjusi. Gaiapolis waliyoitoa kwenye Famicom ni gemu ya kampuni ya Konami ya mashine za mitaani, wakaishusha wenyewe bila kumwambia mtu. Kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo mkono ulivyozidi kuwa mwepesi, hilo nakubali.

Lakini Somari na Kart Fighter si za Sachen. Hizo ni za Hummer Team, nao wa Taiwan, na wenyewe ni kesi ya kipekee. Kart Fighter ni ya 1993, Somari 1994. Hao waliiba sura, hawakuiba kazi. Sonic ilitengenezwa kwa Mega Drive, mashine ya Sega yenye nguvu mara kadhaa kuliko Famicom. Kuifanya ikimbie kwenye ile kilobaiti 2 niliyowaambia, hakuna wa kumnakili, lazima uandike kila kitu upya. Mwaka 1995 wakaishusha na Super Mario World ya Super Famicom, mdogo wake Famicom mwenye nguvu zaidi, kwenye Famicom. Nenda kaitazame. Haina ulaini wa ile ya kweli, lakini Yoshi, yule mjusi anayepandwa na Mario, yumo, anakula wadudu.

Na hao hao Hummer Team wakatoa Jing Ke Xin Zhuan, gemu ndefu ya hadithi juu ya Jing Ke, yule aliyejaribu kumuua mfalme wa Qin. Hiyo hawakumwibia mtu. Walioijua ni wachache, Somari inajulikana dunia nzima. Mtaji ulikuwa sura ya Mario, ukiweka sura yako hakuna anayenunua.

Mwizi wa kuku ninayemsema ni kama NTDEC. Hao walijisajili kwa jina la Nintendo Electronic Co., eti ni Nintendo. Mahakama ya Arizona mwaka 1993 iliwaamuru walipe zaidi ya dola milioni 24.

Wakili Asiye na Joho

Naomba niingie kwa upande wa sheria, kwa kifupi maana najua mnapenda picha kuliko vifungu.

Leseni ya Nintendo ni mkataba. Usiposaini, hauvunji mkataba. Swali linabaki: umechukua kazi ya mtu? Taiwan iliingiza programu za kompyuta kwenye sheria ya hakimiliki mwaka 1985, na 1992 ikaifumua sheria nzima kwa shinikizo la Marekani. Kwa hiyo tangu mapema, kunakili kaseti kulikuwa kosa kwa maandishi, hata kama polisi walikuwa na mambo mengine. Kuandika gemu yako mwenyewe halikuwa kosa. Mleta mada yuko sahihi kutenganisha, ila mfano wake wa maandazi una tundu: mama ntilie anahitaji kibali cha halmashauri, na Nintendo si halmashauri.

Kaseti ya Njano

@Wakili nimechukua. Nintendo si halmashauri. Hiyo ningekuwa nayo mwanzoni nisingemruhusu Mkata Ngebe apumue.

Na umenifungulia njia ya kufika kwa @Bint Makadara.

Mnakumbuka Game Boy ikiwashwa? Jina la Nintendo linateremka taratibu kutoka juu, likifika katikati, tiing! Tulidhani ni mbwembwe. Kumbe pale ndipo kufuli lilipo. Lile jina halitoki kwenye mashine, linatoka kwenye kaseti. Kila kaseti lazima iwe na ile picha ya jina, baiti 48. Mashine inaisoma mara ya kwanza, inaionyesha. Kisha inaisoma mara ya pili na kuilinganisha na nakala yake ya ndani. Zikitofautiana hata kidogo inaganda hapohapo.

Werevu wa Nintendo ni kwamba huu ulikuwa mtego wa kisheria. Ukitaka gemu yako icheze lazima uonyeshe jina letu, na ukionyesha jina letu bila ruhusa tunakushtaki kwa alama ya biashara.

Sachen walitazama mtego, wakaona pengo. Mashine inasoma mara mbili! Wakatengeneza chipu ndani ya kaseti inayohesabu. Usomaji wa kwanza, ule wa kuonyesha, chipu inatoa picha ya jina lao. Usomaji wa pili, ule wa kukagua, inatoa ya Nintendo. Mashine inaridhika, na kwenye kioo jina la Nintendo halijaonekana hata sekunde.

Nilipoelewa hili nilisimama nikazunguka chumba.

Wakili Asiye na Joho

Huyo aliyebuni hivyo ningemwajiri. Sega walikuwa na mtego wa aina hiyohiyo Marekani, wakaenda nao mahakamani dhidi ya Accolade, watengenezaji gemu wasio na leseni yao, na mwaka 1992 mahakama ya rufani ikasema kama mfumo wako mwenyewe ndio unaolazimisha jina lako litokee, usimlaumu mwingine. Sachen hawakuhitaji hata kufika huko.

FundiRedio

Nimeisoma mara tatu. Kwa hiyo kaseti inamdanganya mlinzi kati ya kukutazama usoni na kukutazama kitambulisho. Kongole kwao.

Chumvi Nyingi

Nilikuja kucheka, sasa nasoma. Hawa jamaa mwisho wao ulikuwaje?

Kaseti ya Njano

Soko liliwaacha. Walijaribu kila mlango. Walitengeneza sehemu kubwa ya gemu za Supervision, kile kifaa cha mkononi cha Watara wa Hong Kong cha 1992 kilichotaka kumpiga Game Boy kwa bei. Walitengeneza gemu za shule, Middle School English na Magical Mathematics, za kumpa mzazi sababu ya kutoa pesa. (Kila mmoja wetu alimwambia mama yake kuwa TV gemu itamsaidia hesabu. Usikatae.) Lakini PlayStation ilipokuja na diski, gemu ikawa kazi ya watu wengi na pesa nyingi, na kufuli likawa la aina nyingine. Watu wachache na ubongo wa 6502 hawakuwa na pa kushika tena.

Kaseti zao sasa zinatafutwa na wakusanyaji. Zile zile zilizowekwa kapu la mitumba.

Mkata Ngebe

Kwenye Game Boy nimenyoosha mikono. Kwenye Rocman X bado wezi.

Kaseti ya Njano

Tunaelewana.

Bint Makadara

Nimerudi. Nimeitafuta Game Boy ya ammi, iko kwenye sanduku la mama pamoja na leso zake. Nimetia betri nne. Imewaka, lakini kilichoteremka ni kipande cheusi kitupu, kisha ikasimama. Basi ndiyo imekufa?

FundiRedio

@Bint Makadara haijakufa. Kipande cheusi maana yake mashine haisomi kaseti kabisa. Meno ni machafu. Chukua pamba ya masikioni, ichovye kwenye spiriti, sugua meno ya kaseti taratibu, acha ikauke dakika kumi. Usipulize kwa mdomo! Sote tulipuliza, na mate ndiyo yaliyoleta kutu.

Msukuma Mkokoteni

Hakuna kulala.

Kaseti ya Njano

Dada ukiwasha tena, tazama jina linaloteremka. Soma herufi ya kwanza tu.

Bint Makadara

Nimesugua mara mbili, pamba imetoka nyeusi kama masizi. Nimewasha. Imepiga ile tiing, na imenipa orodha ya michezo minne.

Herufi ya kwanza si N.

Kaseti ya Njano

Piga picha. Usiizime.